Dawa ya mama ilikuwa kwenye mkebe wa Blue Band

Haya ni yale niliyosema Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa hapa Kisumu, kikao cha wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, na wale wanaowatunza. Wengi mliniomba niandike kwa hivyo nimeandika vile nilivyoongea, sijapanga sana.

Wazazi wangu, ndugu zangu, Bwana asifiwe. Wale mmetoka mbali, Luanda, Ahero, Bondo, nimesikia wengine mmeamka saa kumi usiku kutafuta matatu, asanteni sana, na wale mmekuja na wazee wenu mmewashika mkono hatua kwa hatua mpaka hapa ndani Mungu awabariki, hiyo kazi naijua vile iko.

Mimi ni mtu wa dawa. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa mjini miaka 14. Na pia mimi ni binti ya mama mwenye Parkinson, mama yangu ni yule pale safu ya tatu, mwenye kitambaa cha kijani, na kila kitu nitasema juu yake leo ameniruhusu, jana usiku tumekaa jikoni nikamsomea yote akasema sawa, waambie.

Nataka kuongea juu ya dawa moja tu, amantadini. Najua wengi wenu mnatumia levodopa na hiyo ndiyo dawa kubwa, lakini kuna wenye mmeongezewa hii nyingine na hii ndiyo naona watu wanaielewa vibaya sana.

Shida yake inaanzia kwa karatasi iliyo ndani ya pakiti. Ukiifungua unakuta imeandikwa ni dawa ya virusi. Sasa si mnajua vile sisi watu wa huku tuko, mtu akisikia dawa ya virusi mawazo yanaenda mahali pamoja tu. Mama alipoandikiwa hii dawa alienda nayo nyumbani Luanda, na mjukuu wake wa kidato cha pili akachukua ile karatasi akaanza kuisoma kwa sauti, watoto hupenda kusoma kila kitu, akafika hapo akasema kukhu, yaani nyanya, hii ni dawa ya kuua virusi. Jirani alikuwa ndani, amekuja kuomba chumvi. Mama hakusema neno. Kesho yake aliamka mapema kabla ya wengine, akatoa kapsuli zote kwa pakiti, ile pakiti na karatasi yake akatupa motoni, kapsuli akaweka kwa mkebe wa zamani wa Blue Band nyuma ya gunia la unga, kwa jiko la kuni, moshi na mvuke kila siku. Wageni wakija hamezi. Mkamwana akiwa jikoni hamezi. Na mimi nikipiga simu nauliza mama unakunywa dawa, ananiambia ndio.

Kwa hivyo leo nianze kwa kusafisha hiyo aibu. Amantadini haina uhusiano wowote na Ukimwi. Na hata ingekuwa nao, kwa mkoa wetu huu vile tumezika watu na vile ARV zimetuokoa, hakuna mtu angepaswa kuficha dawa nyuma ya gunia, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine. Hii dawa ilitengenezwa kwa ajili ya flu, ile homa ya influenza aina ya A, na Marekani waliiruhusu mwaka 1966. Ilikuwa inaziba kamlango kadogo kwenye mwili wa kirusi cha flu ili kishindwe kufunguka ndani ya seli. Basi, kazi yake ilikuwa hiyo.

Na unajua iliingiaje kwa Parkinson? Hii ndiyo sehemu mimi napenda. Mwaka 1968 huko Boston kulikuwa na mama mmoja wa miaka 58, ana Parkinson, akapewa amantadini ili asishikwe na flu msimu wa baridi, miligramu 100 mara mbili kwa siku. Akaanza kuona kitu cha ajabu, mwili unalegea, kutetemeka kunapungua, anatembea vizuri. Baada ya wiki sita akaiacha, na ugonjwa ukarudi vile ulikuwa. Huyo mama hakunyamaza, alienda akamwambia daktari wake, Robert Schwab, na huyo daktari naye hakumwambia ni mawazo yako tu, alimsikiliza. Schwab na wenzake wakajaribu kwa wagonjwa 163, karibu thuluthi mbili wakapata nafuu, wakachapisha mwaka 1969. Yaani hii dawa iko kwa mikono yetu kwa sababu mgonjwa alisema kile alichokiona kwa mwili wake mwenyewe. Hilo nataka mlishike kwa sababu nitalirudia sana.

Niongeze hapo kwa haraka: siku hizi haitumiki tena kwa flu, virusi vya flu aina ya A vimeizoea, tangu mwaka 2006 Wamarekani waliwaambia madaktari wao waache kuiandika kwa flu. Kwa hivyo mtoto akishikwa na mafua nyumbani usimpe kapsuli ya babu yake ati ni dawa ya virusi, haitamsaidia na itamdhuru.

Kwa mtu wa Parkinson inafanya nini? Ubongo una kitu kinaitwa dopamini, ndicho kinafanya mwili utembee bila wewe kufikiria kila hatua, na Parkinson inakula zile seli zinazokitengeneza. Amantadini inasaidia ile kidogo iliyobaki itumike, na pia inapunguza kelele za kemikali nyingine inayoitwa glutameti. Haiponyi. Kazi yake kubwa siku hizi ni kwa wale waliokunywa levodopa miaka mingi mpaka mwili unaanza kucheza wenyewe, mabega yanazunguka, shingo inapinda, miguu inarushwa, mnajua ile. Wengine inawasaidia miezi kadhaa halafu nguvu yake inapungua, na hapo unarudi kwa daktari, huamui mwenyewe.

Sasa kuimeza. Mara nyingi daktari anaanza na miligramu 100 mara moja kwa siku, halafu akiona unaivumilia anapandisha iwe mara mbili. Asubuhi moja, saa mbili hivi baada ya uji, na ya pili mchana, saa saba au saa nane, isiende jioni. Hii dawa inachangamsha ubongo, ukiimeza saa tatu usiku utahesabu mabati mpaka jogoo awike, halafu utaniambia una ugonjwa wa kukosa usingizi na utaanza kutafuta dawa ya usingizi, na sasa uko na dawa mbili badala ya kurudisha moja mchana. Nimeona hiyo mara nyingi sana pale kaunta. Ukisahau ya mchana na jioni imefika, iache, endelea kesho, usimeze mbili pamoja. Ukikosa siku kadhaa, piga simu kwanza kabla ya kuanza tena. Mwenye amepewa ya maji apime kwa sirinji ya dawa, kijiko cha chai cha nyumbani kwako na cha kwangu havilingani. Na kuna zile za kuachilia dawa polepole siku nzima, hizo usitafune wala kusaga, na usibadilishane na za kawaida ati kwa sababu jina ni moja.

Na tafadhali kapsuli zikae kwa pakiti yake au chupa yake, mahali pakavu. Huku kwetu kuna joto na unyevu, juu ya jiko hapafai, kwa dashibodi ya gari hapafai.

Sasa nikuje kwa figo, na hapa naomba msilale. Dawa nyingi ini linazivunja-vunja. Hii hapana. Amantadini karibu yote inatoka kwa mkojo vile ilivyoingia. Maana yake figo zikichoka haina njia nyingine ya kutoka, inabaki, unameza ya leo juu ya ya jana juu ya ya juzi. Ndio maana wazee wanapewa kidogo, na kuna mtu figo zake zimepungua anapewa kapsuli moja siku moja aruke siku moja, na wale figo zimekwisha kabisa dozi ni mara moja kwa wiki, ndio, mara moja kwa wiki, na wengine daktari atakataa kabisa kuwapa. Kwa hivyo mzee wa nyumba hii na mzee wa nyumba ile wanaweza kuwa na dawa moja, ugonjwa mmoja, na dozi zisifanane hata kidogo, usiangalie ya jirani. Kabla ya kuanza uliza kama kreatinini, kile kipimo cha figo, imepimwa, ni damu kidogo tu inatolewa, na iwe inarudiwa.

Sasa mama yangu. Miaka mitatu iliyopita, mvua ya mwezi wa nne, akaanza kuchomwa na mkojo, akaendesha pia siku mbili, akapungukiwa maji. Akapelekwa kliniki ya karibu na nyumbani, akapewa Septrin, ile antibiotiki. Hakuna aliyemuuliza mama unatumia dawa gani nyingine, na yeye mwenyewe hakusema kwa sababu ya ile aibu niliyowaambia. Wiki hizo ndizo alikuwa ameanza kumeza vizuri, kila siku mara mbili, kwa sababu mjukuu alikuwa amerudi shule na jikoni kulikuwa na utulivu. Septrin ndani yake kuna dawa inayopitia mlango uleule wa figo na amantadini, wanasukumana, amantadini inachelewa kutoka. Weka na figo zenye kiu. Weka na umri wa miaka 71.

Siku ya nne jioni alimwita mkamwana akamwambia, chemsha chai, hawa watoto wamelowa. Mkamwana akauliza watoto gani. Akaonyesha sofa, watatu, huyu mdogo anatetemeka baridi, hamuwaoni? Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hakuwa na hofu, alikuwa anawahurumia. Mkamwana aliniambia baadaye alichemsha ile chai kweli, akaweka vikombe vitatu kwa meza, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mama alizika watoto wawili kabla mimi nizaliwe. Kwa hivyo mnaweza kufikiria usiku huo kilisemwa nini. Kwamba wamemjia. Mwingine akasema amerogwa, mwingine akataka waitwe watu wa maombi, na sina shida na maombi, mimi mwenyewe ninaomba. Kaka yangu mkubwa akapekua jikoni akapata ule mkebe, kapsuli nyekundu hazina jina, hazina pakiti, akaamini ndiyo sumu mama analishwa, akazimwaga zote chooni. Mimi sikupigiwa. Nilikuwa Kisumu, mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu, nauza dawa za watu wengine.

Sasa sikilizeni kilichofuata kwa sababu ni hapa watu wanakufa. Siku ya kwanza akaonekana amepata nafuu, kila mtu akafurahi. Siku ya tatu akaanza kukakamaa, mikono, shingo, taya, uji ukiwekwa mdomoni unatoka pembeni. Akapata joto jingi, jasho mpaka shuka inakamuliwa, akawa hatambui watu. Wakafikiri ni malaria. Nilipofika nikamshika mkono haukunjiki, ulikuwa kama mti. Hospitalini daktari kijana, namshukuru mpaka leo, alimwangalia akauliza swali moja: kuna dawa aliyokuwa anatumia ikakatwa? Kaka yangu akaanza kulia hapo hapo.

Amantadini ikikatwa ghafla ubongo unaanguka kama mtu aliyevutiwa kiti. Mwili unakakamaa, joto linapanda, akili inapotea, na mtu anaweza kufa. Inapunguzwa polepole, daktari akiwa anajua. Hata kama inaleta maruweruwe, hata kama umekasirika nayo, unapiga simu au unaenda hospitali siku hiyo hiyo na unasema yote, ndipo wao waamue inapunguzwaje. Mama alilazwa siku tisa, akawekewa maji, dawa za Parkinson zikapita kwa mrija wa pua, na polepole akarudi. Kitu cha kwanza aliuliza akiweza kuongea ni kama wale watoto walipata chai.

Kaka yangu hana kosa la roho mbaya, aliona mama anapotea akafanya alichojua. Hakuwa ameambiwa. Na mimi ndiye ningemwambia.

Kwa hivyo niwaambie nyinyi. Kuona vitu ambavyo havipo, ndoto mbaya, kuchanganyikiwa, kuongea na watu ambao hawako, kwa mtu anayetumia amantadini uliza dawa kwanza kabla hujauliza mizimu wala chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Uliza kuna dawa gani mpya imeongezwa wiki hii, ameharisha, anakunywa maji, anakojoa. Na mkifika hospitali semeni huyu ni mtu wa Parkinson kabla hajachomwa sindano ya kumtuliza, kwa sababu kuna dawa za akili kama haloperidoli zinazofunga ile dopamini kabisa, na hata Plasil ya kuzuia kutapika inafanya hivyo.

Kuna mengine. Ngozi ya miguu inaweza kutoa alama za zambarau zimepangana kama wavu wa omena, inatisha ukiiona, wanawake ndio huipata zaidi, kwa kawaida haina hatari lakini ionyeshe. Vifundo vya miguu vinaweza kuvimba, na kama kuvimba kunakuja na kukosa pumzi basi usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mdomo kukauka, choo kuwa kigumu, kizunguzungu ukiinuka, kwa hivyo kaa kwanza kwa ukingo wa kitanda, hesabu mpaka ishirini, ndio usimame. Wazee wenye tezi dume mkojo unaweza kukataa kutoka. Mwenye kifafa, mwenye presha ya macho, mwenye moyo dhaifu, aseme kabla ya kupewa. Wengine wanashikwa na usingizi ghafla mchana, huyo asiendeshe boda wala gari mpaka ajijue.

Na kuna moja watu hawaisemi. Kuna mama alikuja kwangu dukani akanong'ona, mume wake mzee, mtu wa kanisa, hajawahi kubeti maisha yake yote, sasa analala na simu anabeti mpira wa nchi hajui ziko wapi, ameuza ng'ombe. Amezoea kuitwa mpumbavu sasa na watoto wake. Nikamuuliza anatumia dawa gani akanitajia. Dawa za Parkinson, hii ikiwemo, zinaweza kuamsha hamu mtu anashindwa kuizuia, kubeti, kununua vitu, tamaa ya mwili, kula. Ni dawa, si tabia, na daktari akibadilisha mara nyingi inaisha. Vilevile mtu anaweza kuingiwa na huzuni nzito na mawazo ya kujiua. Mzee wako akisema heri nife, usimwambie usiongee hivyo. Keti naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo.

Dawa za kuogopa kuchanganya na amantadini: Septrin nimesema, na najua kwa huku kwetu kuna watu wanaimeza kila siku, kwa hivyo mwambie daktari wazi, ni siri yenu wawili. Dawa za presha za kukojoza, baadhi zinaizuia isitoke. Artane ya kutetemeka, Piriton ya mzio na zile sirapu za kikohozi za kulewesha zinaongeza kuchanganyikiwa na kukauka. Eno na baking soda, wale mnaokunywa kila siku kwa ajili ya kiungulia, zinabadilisha mkojo na amantadini inabaki mwilini zaidi. Chang'aa, busaa, bia, zinaongeza kizunguzungu na kuchanganyikiwa, hapo mzee anaanguka na nyonga inavunjika. Na kapsuli ziwekwe mbali na watoto, gramu moja tu imeshaua mtu, hizo ni kapsuli kumi.

Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995, na miaka yake ya mwisho alitetemeka kwa Parkinson mbele ya dunia nzima na hakujificha. Nimemtaja kwa ajili ya wale wazee ambao nimeambiwa wamebaki nyumbani leo kwa sababu hawataki kuonekana wakitetemeka. Mkirudi waambieni tuliwaulizia.

Pale mlangoni nimeweka meza. Kama umebeba mfuko wako wa dawa, ile karatasi ya nailoni yenye kila kitu ndani, njoo uumwage pale, ya presha, ya sukari, ya magoti, ya mitishamba pia, hakuna atakayekucheka, tutaangalia moja moja na nitakuandikia kwa kadi unachotumia, saa ngapi, na namba ya mtu wa kupigiwa. Hiyo kadi ikae kwa pochi, si kwa mkebe.

Naona mama anaangalia saa. Ni saa nane kasoro dakika tano, kapsuli yake ya pili, na pakiti ameiweka juu ya Biblia hapo mapajani kila mtu anaiona. Nani yuko karibu naye na maji?